Unapovunja Tangi la Samaki wa Baharini, Usichemshe Mawe

Msomaji, tangu utotoni tumefundishwa kanuni tatu za usafi: chemsha, tia dawa, sugua kwa nguvu. Ni kanuni njema. Kipindupindu kinapoingia mitaani ndizo zinazookoa watu, na sina nia ya kuzivunjia heshima. Lakini kuna chombo kimoja kinachopatikana katika baadhi ya nyumba za Thika na Ruiru ambacho hugeuza kanuni hizo zote tatu kuwa hatari. Chombo hicho ni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wa rangi na matumbawe hai.

Wenye matangi haya si wengi. Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo katika miji hii hufuga wale wa maji yasiyo na chumvi, na hao nao wasiache kusoma, kwa maana sehemu ya makala haya inawahusu. Tangi la baharini ni jambo la gharama na subira. Tuko zaidi ya mita 1500 juu ya usawa wa bahari, na Mombasa iko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 500, hivyo mwenye tangi hulazimika kujitengenezea bahari yake mwenyewe: gramu 35 hivi za chumvi maalumu katika kila lita ya maji, hita ya kuweka joto la nyuzi 24 hadi 27, pampu za kuzungusha maji na taa kali za kuyalisha matumbawe. Mwezi wa Julai, usiku unapokuwa wa baridi kali huku kwetu, hita ikizimika kwa saa chache samaki wanaweza kufa.

Kisha hufika siku ambayo tangi lazima livunjwe na kuanzishwa upya. Pengine mwenye nyumba amepandisha kodi na mtu anahama kutoka Ruiru kwenda Thika. Pengine kioo kinavuja. Pengine mwani umejaa mpaka samaki hawaonekani, au kuna vijinyama visivyotakiwa vilivyoenea juu ya kila jiwe. Mwenyewe hutenga Jumamosi moja, akaita watoto wamsaidie, akaanza kutoa vitu. Matatizo ninayotaka kuyaeleza hutokea siku hiyo, na mengine hujitokeza majuma kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena kwamba tangi lilisafishwa.

Nianze na mawe, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Mawe ya tangi la baharini hayako kama mawe ya Ndarugu tunayojengea nyumba. Ni vipande vya mwamba wa matumbawe vyenye vitundu vingi, na ndani ya vitundu hivyo kunaishi viumbe wengi sana. Miongoni mwao huwa kuna jamii ya vijinyama laini vinavyofanana na vifungo vya koti au maua madogo, vingine vya rangi ya kahawia isiyovutia, vingine vya kijani na rangi ya machungwa ya kung'aa. Wataalamu huviita zoanthidi. Hupendwa na wafugaji kwa sababu ya rangi zao na kwa sababu hukua upesi. Na ni kwa sababu hiyo hiyo ya kukua upesi kwamba baada ya miaka michache mwenye tangi hutaka kuving'oa.

Baadhi ya zoanthidi, hasa wale wa jamii ya Palythoa, hubeba sumu iitwayo palitoksini. Wanasayansi waliitenga kwa mara ya kwanza huko Hawaii mwaka 1971, kutoka kwa aina moja ya vijinyama hivyo ambayo wenyeji wa kisiwa cha Maui, kwa mujibu wa simulizi zao, walikuwa wakipaka ncha za mikuki. Ni mojawapo ya sumu kali zaidi za asili zinazojulikana. Hufanya kazi kwa kuushika mlango mdogo ulio katika ukuta wa kila chembe ya mwili, ule unaoingiza potasiamu na kutoa sodiamu, na kuuacha wazi. Misuli, moyo, mapafu na neva vyote hutegemea mlango huo.

Sasa fikiria mtu aliyelelewa kama sisi. Anataka kuua vijinyama vilivyo juu ya jiwe. Atafanya nini? Atalitia jiwe ndani ya sufuria, aliweke jikoni na kulichemsha. Anaona kwamba moto unaua kila kitu. Kweli vijinyama vitakufa, lakini palitoksini haiharibiki kwa kuchemshwa. Mvuke unapopanda huweza kubeba matone madogo sana yenye sumu hadi ndani ya mapafu ya kila aliye ndani ya nyumba, akiwemo mtoto mchanga aliyelala chumba cha pili. Kusugua jiwe kwa brashi ngumu, kulimwagia maji ya moto, au kulipiga maji ya pampu yenye nguvu kama yale ya kuoshea magari huleta hatari iyo hiyo.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitalini baada ya tangi la nyumbani kusafishwa. Mwaka 2015, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilichapisha taarifa kuhusu watu wa Alaska walioathirika kati ya mwaka 2012 na 2014, madukani na majumbani. Wengine wao hawakugusa jiwe lolote. Walikuwa tu ndani ya nyumba. Alaska, kama Thika, haina mwamba wa matumbawe karibu. Sumu ilifika pale ndani ya mzigo wa mapambo.

Dalili zake ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi kama daktari wa watu wa kawaida. Saa chache baada ya kuvuta hewa hiyo, mtu huanza kutetemeka kwa baridi, akapata homa, maumivu ya misuli, kikohozi, kubanwa na kifua na ladha chungu kama ya chuma mdomoni. Sasa niambie, msomaji, mtu wa kwetu akipata homa, baridi na maumivu ya viungo atasema ana nini? Atasema ni malaria. Atatuma mtoto kwenye duka la dawa anunue vidonge, ameze, kisha arudi kulala ndani ya nyumba ile ile yenye hewa ile ile. Miji yetu hii si kama Busia au Kisumu ambako malaria ni ya kila siku. Homa inayowapata watu watatu wa nyumba moja jioni moja, saa chache baada ya tangi kusafishwa, isiitwe malaria mpaka ipimwe.

Jambo la kwanza ni kutoka nje, wote, pamoja na mbwa na paka, na kuacha madirisha wazi. Usirudi ndani kuzima jiko ikiwa tayari unakohoa. Zima gesi au umeme kwenye swichi kuu kama iko nje. Vua nguo zilizolowa na uoge kwa sabuni. Iwapo maji ya jiwe yamekurukia jichoni, liosheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 kisha nendeni hospitalini siku hiyo hiyo, kwa maana sumu hii inaweza kuharibu kioo cha jicho. Hakuna dawa ya kuivunja sumu ikishaingia mwilini. Kazi ya hospitali ni kumpa mgonjwa oksijeni, kufungua njia za hewa, kuangalia mwendo wa moyo na figo, na kupima kama misuli inaharibika. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, hiyo ni dalili mbaya na isingojewe hadi asubuhi. Ufikapo katika Hospitali ya Thika Level 5, ile ya Ruiru au yoyote iliyo karibu, sema waziwazi: "Tumesafisha tangi la matumbawe." Daktari wa zamu asiyeambiwa hawezi kubahatisha.

Basi jiwe lisafishweje? Baridi, nje, na polepole. Vaa glavu ndefu za mpira na miwani ya kukinga macho, hata kama majirani wa ploti watakucheka. Jiwe unalotaka kubaki nalo lihamishe likiwa ndani ya ndoo ya maji yake ya chumvi bila kulikwangua. Jiwe usilolitaka, au kipande cha zoanthidi ulichokiondoa, kitumbukize katika ndoo iliyo nje yenye dawa ya klorini ya kawaida, aina ya Jik, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji baridi, iliyochanganywa muda huo huo. Kiache kwa angalau dakika 30. Klorini, tofauti na moto, huivunja sumu hiyo. Baada ya hapo kifunge ndani ya mfuko na ukitupe. Kisu, kibao na ndoo za kazi hii zisirudi jikoni kamwe.

Nimeitaja Jik, na hapa lazima nisimame kidogo. Wenye matangi hutumia pia siki kuondoa ukoko mweupe wa chokaa kwenye vioo na pampu. Siki ni nzuri na salama ikiwa peke yake. Jik nayo inafaa ikiwa peke yake. Lakini ukivichanganya, au ukimwaga siki ndani ya ndoo ambayo haijasuuzwa Jik, hutoka gesi ya klorini, ambayo huchoma macho, koo na mapafu. Asidi kali zinazouzwa kwa ajili ya kusafishia choo ni mbaya zaidi. Bafu za nyumba nyingi za kupanga zina kidirisha kidogo kama bahasha, na mtu akijifungia humo na ndoo mbili za namna hiyo, yuko mashakani. Tumia kimoja leo, suuza kwa maji mengi, na kingine kesho.

Mchanga wa chini ya tangi nao una hila yake. Ukiwa umekaa miaka bila kuguswa, ndani yake hujengeka gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Katika tangi la nyumbani si nyingi kiasi cha kuua mtu, lakini ndani ya chumba kilichofungwa huleta kichwa kuuma na kichefuchefu, na ikikorogwa samaki wakiwa bado ndani wanaweza kufa wote. Toa samaki kwanza, fungua madirisha, kisha chota mchanga. Ule wa chini uliogeuka mweusi usiurudishe.

Kuna mambo mengine matatu yasiyohitaji maelezo marefu. La kwanza ni umeme: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida, kwa hiyo chomoa kila waya kabla hujaingiza mkono. Anza na hita, uipe nusu saa ipoe ndani ya maji, la sivyo kioo chake kitapasuka. La pili ni uzito: lita 200 za maji ni zaidi ya kilo 200 kabla hujahesabu mawe na kioo. Tangi liinuliwe likiwa tupu, na liinuliwe na watu wawili wenye migongo mizima. La tatu ni mazoea yetu ya kuvuta kwa mdomo. Mtu aliyezoea kunyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye gari hudhani maji ya samaki si kitu. Maji hayo yamejaa kinyesi cha samaki na bakteria. Jaza mpira kwa maji ya bomba kwanza, uzibe ncha zote mbili kwa vidole, kisha uachie; maji yatashuka yenyewe.

Sasa nije kwenye ngozi, na hapa nazungumza pia na wenye matangi ya maji yasiyo na chumvi.

Kuna bakteria iitwayo Mycobacterium marinum. Ni ndugu wa karibu wa bakteria wa kifua kikuu, na ilitambuliwa mwaka 1926 katika samaki waliokufa katika nyumba ya kuonyeshea samaki mjini Philadelphia, Marekani. Huishi ndani ya maji, juu ya mawe na ndani ya machujio. Haiwezi kuipenya ngozi nzima, lakini siku ya kuvunja tangi hakuna anayemaliza kazi bila mkwaruzo: ukingo wa kioo, jiwe lenye ncha, mwiba wa samaki. Kidonda hicho kidogo hupona, mtu akasahau. Majuma mawili hadi manne baadaye, na mara nyingine miezi kadhaa, kinatokea kivimbe chekundu au cha zambarau kwenye kidole au nyuma ya kiganja. Hakiumi sana. Hukua polepole, pengine kikapasuka na kutoa usaha kidogo. Kisha vivimbe vingine hujipanga kupanda mkononi kama shanga, vikifuata njia ya limfu.

Mgonjwa wa namna hii huzunguka sana. Duka la kwanza humpa mafuta ya kuvu. La pili humpa antibiotiki ya siku tano, isiyofanya kitu. La tatu humpa krimu yenye steroidi, ambayo hupunguza wekundu kwa muda na kuupa ugonjwa nafasi ya kuzama ndani. Ukifika kwenye kiungo au kano, kidole kinaweza kukakamaa. Watu ambao kinga yao ya mwili imepungua, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI bila matibabu na wanaotumia dawa za kuzuia kukataliwa kwa figo waliyopandikizwa, huathirika zaidi.

Katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, kuna utata mwingine. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu huweza kuvimba kwa sababu ya bakteria hii, na kipande cha nyama kikitazamwa kwa hadubini huonyesha vijiti vile vile. Mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa za kawaida za kifua kikuu, lakini isoniazidi na pirazinamidi hazifai kwa ugonjwa huu. Dawa zinazotumika ni kama klarithromaisini na doksisaiklini, au rifampisini pamoja na ethambutoli, kwa miezi mitatu au zaidi, na huendelea kwa muda hata baada ya vivimbe kutoweka. Kuna jambo la maabara ambalo hata madaktari husahau: bakteria hii hupenda baridi. Huota vizuri katika nyuzi 30 hadi 32, na ikipandwa kwenye joto la nyuzi 37, ambalo ndilo la kawaida maabara, huenda isiote. Ndiyo maana maabara inahitaji kuarifiwa mapema. Na ndiyo maana pia mimi humuuliza mgonjwa mwenye kivimbe cha mkono kisichopona, kabla sijauliza mengi: nyumbani kwako kuna samaki?

Si kila kidonda hungoja majuma. Mkono ukivimba ndani ya saa chache, ukawa wa moto, wenye maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wa jeraha, au ukatoa malengelenge meusi, huenda ni bakteria wa jamii ya Vibrio waliomo katika maji ya chumvi. Kwa mwenye ugonjwa wa ini au kisukari hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Watu hao wawili ni afadhali wamwachie mwingine kazi nzima. Ukichomwa na samaki mwenye miiba ya sumu, tumbukiza mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Huku ndiko moto unakofaa, kwa sababu sumu ya miiba hiyo huharibika kwa joto. Mwingine aliye na mkono mzima ndiye ayapime maji, kwani aliyechomwa anaweza kujiunguza bila kuhisi.

Tangi likishakuwa safi na kavu, wengi hukosea kwa haraka ya kulijaza. Maji ya bomba ya miji yetu yana klorini, ambayo inatulinda sisi lakini huua samaki, na maji ya visima vya sehemu nyingi za huku yana madini mengi. Wafugaji makini hutumia maji yaliyochujwa kwa mitambo kama ile ya maduka ya kujaza maji ya kunywa, ndipo wakatia chumvi. Kisha kuna kusubiri. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, sumu kwao. Bakteria wema huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyodhuru sana. Jeshi hilo la bakteria ambalo umelifua kwa kusafisha huchukua majuma manne hadi sita kujijenga tena. Samaki wanaokimbizwa ndani kabla ya hapo hufa, na kila anayekufa huuleta mkono wako tena majini.

Neno kwa wanaotoka likizo: usirudi kutoka Watamu au Mombasa na jiwe hai ndani ya kopo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu mwaka 1968 na kuchukua kitu humo ni kosa, na matumbawe magumu yote yamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe. Kwa upande wa afya, hujui kilichojificha ndani ya vitundu vyake. Vivyo hivyo, maji ya zamani yasimwagwe chini ya migomba, yatakausha mizizi, wala samaki wasitupwe katika mto Chania.

Kazi ikiisha, osha mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni na uchunguze kila kidole penye mwanga. Penye mkwaruzo, suuza kwa maji mengi, paka dawa ya vidonda na ufunike. Halafu chukua kalenda ya ukutani uandike: tangi limevunjwa leo. Kivimbe kikija kutokea mwezi wa pili au wa tatu, njoo na tarehe hiyo.